Sifuri Niliyoiandika Namakwekwe

Nimestaafu, na nina hasira. Watu waliniambia mtu akistaafu anapata utulivu. Wangu bado haujafika. Labda umekwama kwenye matope njiani. Miaka yangu yote ya kazi nimeingia kwenye nyumba za watu, kuanzia Jinja mpaka Mbale, nikiwauliza wamekula nini, wametumia mkaa kiasi gani, wamejiburudisha vipi. Ninyi mliobaki kwenye ofisi ya takwimu mmeniomba niandike kitu cha kuwasaidia wadadisi wapya. Najua mlichotaka: maneno ya nidhamu, kuwahi kazini, kuheshimu wakubwa. Hayo mtayapata kwa mwenzangu yeyote. Mimi nitaandika kuhusu sanduku moja dogo kwenye dodoso, lile la burudani, na mwanamke wa Namakwekwe aliyeumia kwa sababu ya namna nilivyolijaza.

Nianze mwanzo, maana hasira bila mwanzo ni kelele tu. Mimi ni mtoto wa Wanubi wa Jinja. Babu yangu alikuwa askari, na nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Timu yetu ilikuwa na watu wa Lusoga, wa Luganda na wa Lumasaba, lakini kambi za polisi na za magereza zilikuwa zimejaa watu wa kaskazini waliozungumza Kiswahili, na wenzangu waliiogopa lugha hiyo kama mbwa asiyefungwa. Nikapewa ubao wa kubania karatasi, penseli mbili, mwavuli, na mizani ya kuning'iniza ya kupimia chakula. Mizani ilikuwa nzito kuliko mkungu wa ndizi niliotumwa kuupima.

Siku ya kwanza nilipelekwa mtaa wa Mpumudde, palepale Jinja. Nikapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza na kusalimia kwa Kiswahili changu kizuri, kile nilichokuwa najivunia. Mama aliyekuwa anamenya ndizi uani akasimama. Akawaingiza watoto ndani, akafunga mlango, akabaki nje na kisu mkononi.

"Afande, bwana hayuko," akasema. "Sisi hatujui kitu."

Nilikuwa nimevaa gauni la maua na kandambili. Lakini kwa mama yule, Kiswahili kilikuwa kimewahi kuingia mlangoni kwake miaka ya wanajeshi, na hakikuja kuuliza bei ya sukari. Nilisimama pale nikiwa sijui niondoke au nilie. Aliyeniokoa ni msimamizi wetu, Bwana Waiswa, aliyekuja nyuma yangu, akamsalimu kwa Lusoga, akamtania kuhusu ukubwa wa kisu, na baada ya muda tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukihesabu ndizi.

Bwana Waiswa alikuwa mwalimu kabla ya kuja kwetu. Mwembamba, penseli nyuma ya sikio, wembe wa kuchongea mfukoni, uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Jioni ile alichukua dodoso langu, akalipitia mstari kwa mstari, kisha akaweka kidole kwenye sehemu nyeupe pembeni mwa ukurasa.

"Zaitun, mwanangu," akasema, "masanduku haya ya katikati wameyachora watu ambao hawajawahi kufika Mpumudde. Jaza kama walivyotaka. Halafu yale waliyokuambia watu, yaandike hapa pembeni, kwa maneno yao."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kwa miaka mingi. Betri za redio zilikwenda kwenye sanduku la vifaa vya nyumbani, na pembeni nikaandika: mzee ananunua kwa ajili ya mpira wa Jumamosi, majirani wote wanakuja kusikiliza. Gauni jipya likaenda kwenye mavazi, na pembeni: la kwaya, sare, wanafanya mazoezi kila Jumatano. Pombe ya ulezi, ile malwa inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, ikaenda kwenye vinywaji. Lakini mnajua kama mimi kwamba hakuna mwenye kiu ya kudumu saa tatu. Watu wanakaa kwenye chungu kile kwa ajili ya maneno na kicheko.

Kulikuwa pia na daftari la kila siku, ambalo kaya iliachiwa kwa wiki mbili iandike kila ilichonunua. Kwenye kambi moja ya polisi, mwenye nyumba alikuwa ameandika siku zote kumi na nne: chai, sukari, mkate. Mkewe akanisindikiza mpaka njiani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Afande Zaitun, kama huyu mtu anakunywa chai tu, nani analala kwangu na harufu ya malwa?" Hilo nalo niliandika pembeni, kwa heshima.

Kila Ijumaa Bwana Waiswa alisoma maandishi yetu yote ya pembeni. Alinakili yaliyojirudia, akaandika barua kwenda makao makuu, na wakichelewa kujibu aliandika nyingine. Mara mbili nilimwona akishinda: dodoso lililofuata likarudi na mstari mpya, mstari wetu. Siku hiyo alinunua soda kwa timu nzima na hakutabasamu hata kidogo, maana alisema ushindi ule ulipaswa kuwa kazi ya kawaida.

Kisha Bwana Waiswa akastaafu, akarudi kwao, na tableti zikaja.

Sitaki mseme mimi ni bibi anayechukia mashine. Tableti ni nyepesi, haiozi kwa mvua, na inakataa ukiandika kwamba mtoto ana umri mkubwa kuliko mama yake. Lakini tableti haina pembeni. Ilikuwa na kitufe cha maoni, kweli. Ukikibonyeza, ukurasa mdogo unafunguka, unazunguka, unazunguka, na wewe unamwangalia mwenye nyumba naye anakuangalia, na jua linazama. Idadi ya kaya za siku ilikuwa imeongezwa. Mwezi wa kwanza nilikibonyeza kila mara. Mwezi wa pili, mara mojamoja. Kisha nikaacha. Hakuna aliyenikataza, na ninaandika hivyo makusudi, kwa sababu hasira yangu ina sehemu yangu pia.

Kufikia wakati huo nilikuwa kiongozi wa timu. Tukapangiwa Namakwekwe, pale Mbale, kwenye vyumba vya kupanga na wafanyabiashara wadogo. Ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba, wakati kijana anazunguka kwa jamaa zake siku nyingi akicheza kabla ya kusimama mbele ya kisu, na nyuma yake ngoma za kadodi na umati wa watu unaokimbia pamoja naye. Mji mzima ulikuwa unatingishika. Siku ya kwanza asubuhi wadadisi wangu walinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Kaya zote zilikuwa zimetoa kitu kwa ajili ya kukodi kadodi.

"Mama, kadodi niweke wapi?"

Niliangalia mwongozo. Burudani, ulisema mwongozo, ni sinema, tamasha, makumbusho, michezo ya kompyuta, magazeti, na wanyama wanaofugwa kwa mapenzi. Kadodi haikuwamo. Kulikuwa na sanduku la michango na sherehe za mila.

"Weka michango," nikasema. Nikawaambia wote. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Kaya yangu ya mwisho siku ile ilikuwa ya Nambozo. Alikuwa mjane wa askari magereza, mama wa makamo, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kusikika barabarani. Alikuwa ameishi kambini miaka mingi, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili bila mtu kufunga mlango. Mumewe alimwachia ngoma saba. Kwenye kiwanja alichopanga alijenga banda la nguzo za mkaratusi na mabati, na pale ndipo ngoma zilipolala na watu walipofanyia mazoezi. Kikundi kile kilikodiwa kwa harusi, kwa mahafali, na zaidi kwa imbalu. Hata mwaka usio wa tohara, Jumamosi baada ya soko, watu wa Namakwekwe walikwenda bandani kwa Nambozo kucheza. Kila mmoja alikuja na kidogo alichokuwa nacho kwa ajili ya chai na ngozi mpya za ngoma.

Aliniambia pia habari iliyokuwa inamnyima usingizi. Mwenye kiwanja alitaka kuuza. Lakini mradi mmoja, ambao sitautaja, ulikuwa umetuma watu kuangalia banda. Walitaka kununua kiwanja na kujenga ukumbi wa mtaa palepale, na Nambozo abaki kuusimamia.

"Wamependa sana," akasema. "Wamepiga picha ya ngoma, ya mimi, ya kuku. Wamesema wanarudi kwanza kusoma habari ya hapa, halafu wanajenga."

"Mungu akipenda watajenga," nikasema, huku nikitafuta ukurasa wa kumi na mbili.

Nikamuuliza swali la burudani kama lilivyoandikwa. Nilipofika kwa wanyama wanaofugwa kwa mapenzi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mnyama ya mapenzi? Dada, mimi iko na kuku. Mapenzi yake ni supu."

"Na ngoma, dada Nambozo? Mazoezi, ngozi, chai ya wachezaji?"

Akaacha kucheka. "Hiyo hapana burudani. Burudani ni ya watu wa kukaa, wanaangalia. Ngoma ni watu wenyewe."

Hayo yalikuwa maneno ya pembeni. Bwana Waiswa angeyanakili mara mbili. Nikaangalia kitufe cha maoni, nikaangalia saa, nikaandika sifuri. Tableti ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Saa kumi alasiri wapigaji walifika. Mkubwa wao alikuwa fundi wa baiskeli, mikono bado ina grisi. Ngoma ya kwanza ilipolia nilikuwa nimeshafunga mkoba, nimesimama kuondoka. Nambozo akanishika mkono. Nilivua viatu, nikaviweka juu ya mkoba, na kwa umri wangu na goti langu hili nikacheza na watu nisiowajua mpaka kilemba kikalegea na jasho likaniingia machoni. Nilicheka siku ile kama sijacheka mwaka mzima. Kisha nikavaa viatu, nikafuta uso, nikatuma kazi ya siku.

Muda mrefu baadaye tuliitwa kwenye semina, kwenye hoteli moja ya Jinja, kusikia matokeo. Kulikuwa na sambusa, na kijana mmoja mtaalamu kutoka Kampala, mwenye adabu na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Akaonyesha ukutani mchoro wa nchi nyingi na matumizi ya kaya zao kwenye burudani. Nchi za Ulaya zilikuwa na mistari mirefu. Wetu ulikuwa kama kisiki cha penseli. Akaeleza kwamba kaya maskini hula karibu kila zinachopata, burudani huja baadaye, nchi ikiendelea. Akaonyesha na maeneo ya mashariki. Namakwekwe haikuwa na hata kisiki.

Watu waliandika. Mimi nilinyanyua mkono.

"Mwanangu, mistari mirefu ile ina nini ndani?"

"Tiketi za tamasha, Mama. Safari za mapumziko, vitabu, bustani, wanyama wa nyumbani."

"Chakula cha mbwa kimo?"

"Kimo, Mama. Ni kipimo kinachotumika kila mahali."

"Na kadodi?"

"Kadodi iko kwenye michango na mila."

"Kwa hiyo mbwa wa Ulaya akila, bwana wake ameburudika. Mtaa mzima wa Mbale ukicheza wiki mbili, hakuna aliyeburudika."

Watu wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Kijana, na nampa haki yake, hakukasirika. Alisema ili kulinganisha nchi na nchi ni lazima vikapu vyote, yaani orodha za vitu vinavyohesabiwa, vifanane. Nikamuuliza vikapu vimesukwa na nani. Alisema hilo ni swali zuri, na mnajua mtu akisema swali ni zuri maana yake hatalijibu. Mwenyekiti akatangaza chai.

Hapo kwenye chai ndipo nilipokutana na bibi mmoja aliyekuwa kwenye ule mradi. Aliniambia kwa furaha kwamba anaifahamu Namakwekwe. Walikuwa wamependa banda moja la ngoma pale, na mwenyewe alikuwa mama mcheshi sana. "Lakini tuliposoma takwimu tukaona watu wa pale hawana matumizi ya burudani kabisa. Ukumbi ungebaki mtupu. Fedha tukazipeleka kwenye semina za ujasiriamali."

Niliirudisha sambusa kwenye sahani. Nilijua mara moja sifuri zile zimetoka wapi. Hazikutoka Ulaya, wala Kampala. Zilitoka kwenye simu yangu asubuhi ile, kwa maneno mawili, na wadadisi wangu watiifu wakayapeleka kila mlango.

Msiniambie niliufuata mwongozo. Nimeambiwa hivyo na kila mtu, na kila mara damu inapanda upya. Nilikuwa nimeishi kwenye milango ile miaka mingi. Nilijua kuliko mwongozo. Yule kijana alisoma kilichoandikwa, bibi wa mradi alisoma kilichoandikwa, na wote waliamini kwa sababu walituamini sisi tuliokwenda kwa miguu. Ni nani mwingine angewaambia? Niliandika barua kueleza kosa. Nikajibiwa kwa shukrani kwamba takwimu za mzunguko ule zimeshafungwa. Niliandika ya pili, nikijaribu kuwa Waiswa. Waliijibu kwa shukrani zaidi. Niliandika ya tatu, na kabla haijajibiwa siku yangu ya kustaafu ikafika, mkanikatia keki na kunipa saa ya ukutani.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbale kwa nauli yangu. Boda boda akanishusha Namakwekwe, mahali nilipomwelekeza, nikadhani amekosea. Banda halipo. Kuna safu ya maduka madogo yenye milango ya chuma, na wanauza vifuniko vya simu. Muuzaji mmoja akaniambia yule mama wa ngoma amehamia kwa dada yake, mtaa wa Nkoma.

Nilimkuta uani, chumba cha nyuma, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinitambua kabla sijasema jina. Akaniletea kiti na kuniuliza habari za Jinja. Kwa mlango uliokuwa wazi nikaona ngoma zimepangwa chini ya kitanda. Nilizihesabu, maana mkono wa kazi haustaafu. Nne. Tatu alikuwa ameziuza ili apate kuhama. Fundi wa baiskeli na wenzake hawakuwa na mahali pa kupigia, kwa hiyo kila mtu ameshika njia yake. Jumamosi, alisema, watu wanabaki nyumbani.

Nikamweleza yote. Swali la burudani, kadodi kuwekwa kwenye michango, simu za wadadisi, sifuri yangu nyumbani kwake, mchoro wa Jinja, maneno ya yule bibi wa mradi. Sikupunguza kitu. Nilitegemea anifukuze, na ningeona nafuu. Hakuinua uso. Aliendelea kutenga maharagwe mabovu, moja moja, pembeni mwa ungo.

"Ile siku," akasema mwishowe, "wewe ulitoa viatu."

"Nilivua, dada."

"Ulicheza na sisi mpaka jasho."

"Nilicheza."

"Hiyo kitu uliandika wapi?"

Nilitazama ngoma chini ya kitanda. Ngozi ya ile ya mbele ilikuwa imeanza kupasuka kwa ukavu.

"Sikuiandika popote," nikasema.

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nami nikabaki pale kwenye kiti, mkoba juu ya magoti, nikisubiri aniulize swali linalofuata.